Arthur Holmes na Umri wa Majabali ya Bariadi

Safari ya kutoka Lamadi kwenda Bariadi humpitisha msafiri Dutwa, kati ya mashamba ya pamba na majabali ambayo sisi tuliozaliwa visiwani, penye mawe ya matumbawe, huyatazama kwa mshangao. Miamba mikongwe ya volkeno ya Usukuma imepimwa, ikaonekana ina umri wa miaka ipatayo milioni 2,700. Miongoni mwa waanzilishi wa hesabu ya namna hiyo ni marehemu Arthur Holmes, ambaye ni haki wananchi na viongozi wamjue.

Holmes alizaliwa Uingereza, tarehe 14 Januari 1890. Akiwa bado kijana huko London alipima urani na risasi zilizomo katika jiwe la Norway. Urani hugeuka kuwa risasi polepole, kwa kasi isiyobadilika. Kwa hiyo risasi iliyokusanyika jiweni ni kama saa. Jiwe lile lilitoa miaka milioni 370, hali mabingwa wengi walikuwa wameipa Dunia nzima milioni 100 au pungufu.

Mwaka huo huo wa 1911, kwa uhaba wa fedha, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Hakuambulia kitu ila malaria, iliyomzidi hata taarifa ya kifo chake ikapelekwa kwao. Baadaye alikwenda Burma kwa kazi ya mafuta. Kampuni ikafilisika, na mwanawe mdogo akafia huko. Mwingine angaliacha. Yeye, akifundisha Durham tangu 1924, alieleza kwamba joto la ndani ya Dunia huzusha mikondo iwezayo kuyasukuma mabara, rai iliyodhihakiwa na wengi.

Wala Afrika hakuisahau. Katika andiko lililochapishwa mwaka 1951 aliupa jina Ukanda wa Msumbiji, miamba iliyokunjwa na kuunguzwa, ipitayo mashariki mwa Tanzania na Kenya. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba ulifinyangwa miaka milioni 650 hadi 550 hivi iliyopita, vipande vya bara kuu la Gondwana vilipogongana. Ardhi ya Bariadi, wakati huo tayari ajuza, haikukunjwa. Kisha Gondwana ikapasuka, na Bukini, yaani Madagascar, ikaanza kujitenga na pwani yetu miaka ipatayo milioni 160 iliyopita.

Afisa asidhani haya ni ya vitabuni tu. Dhahabu ya Kanda ya Ziwa na nikeli ya Dutwa zinahusiana na miamba ile mikongwe. Tanzanaiti ya Mererani imo katika ukanda ule mchanga. Asiyejua umri wa jiwe atachimba pasipo pake.

Holmes alistaafu Edinburgh mwaka 1956, akapewa Tuzo ya Vetlesen mwaka 1964, akafariki London tarehe 20 Septemba 1965, wakati rai ya mabara yasafiriyo ndiyo kwanza inaanza kukubaliwa.