Jaji Landis alifungia wauza mechi maisha, lakini Hall of Fame alistahili?

Kama ushawahi choma bet halafu ukaskia mechi iliuzwa, huyu mzee utampenda. Mwanzoni.

Anaitwa Kenesaw Mountain Landis. Eeh, jina la mlima. Alizaliwa Ohio, Marekani, 1866, na mzae wake, daktari wa jeshi, alikuwa ameumia vitani kwa huo mlima. Landis akakua akawa jaji wa Chicago, mkali kama pilipili.

Sasa cheki. Mwaka wa 1919 wachezaji wa Chicago White Sox walidaiwa kula doo za wacheza kamari ndio wapoteze fainali ya besiboli. Wenye timu wakaingiwa na baridi, mwisho wa 1920 wakamuita Landis awe kamishna na wakampa nguvu zote. Agosti 1921 korti ikawaachilia hao wasee. Kesho yake tu, Landis akafungia wote wanane maisha, hadi Shoeless Joe Jackson, mmoja wa wapigaji wabaya kuwahi tokea. Noma, lakini ujumbe uliingia.

Hapo ningempigia kura bila kusita.

Shida ni kile hakufanya. Alikalia hicho kiti miaka 24, na hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliingia ligi kuu. Mwaka wa 1942 alitangaza ati hakuna sheria inawazuia. Sawa, haikuwa imeandikwa, lakini kila mtu alijua mlango umefungwa. Desemba 1943 Paul Robeson, msanii mweusi aliyevuma dunia nzima, alisimama mbele ya wenye timu kuomba ufunguliwe. Wakamskiza, mkutano ukaisha, mlango ukabaki vile vile.

Watetezi wake watakwambia wenye timu ndio walikataa. Kwani? Si huyu ndiye alipuuza korti ndani ya siku moja? Angetaka, tungeskia kelele yake.

Alikufa Novemba 1944, na mwezi uliofuata wakamuingiza Hall of Fame kwa kura maalum. Mwaka mmoja haukuwa umeisha tangu azikwe, Dodgers wakamchukua Jackie Robinson, ambaye Aprili 1947 alicheza ligi kuu. Josh Gibson hakufika hapo. Alifariki Januari hiyo hiyo akiwa na miaka 35, hajacheza ligi kuu hata siku moja. Ilibidi ingojwe 2024 ndio takwimu za ligi za weusi ziwekwe kwa rekodi, na jina la Gibson likapanda juu ya Ty Cobb kwa wastani wa kupiga.

Jina la Landis lilitolewa kwa tuzo ya MVP 2020. Kibao chake bado kiko ukutani Cooperstown. Mimi kura yangu hapati, juu ya Gibson. Wewe je?