Elijah Masinde: Mcheza Kandanda Aliyeletwa Lamu

Wazee wengi wa Mwambao wakitajiwa Elijah Masinde humkumbuka kama mfungwa wa siasa aliyeletwa Lamu kutoka bara. Mimi napenda tuanzie kwenye kiwanja cha mpira, maana huko ndiko jina lake lilikoanza kuvuma.

Masinde, Mbukusu wa Kimilili, Bungoma, alizaliwa yapata mwaka 1910. Alikuwa hodari wa kandanda, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda kugombea Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Kiingereza. Mpira wa siku hizo haukuwa na mshahara. Alichovuna ni kujulikana, na naona ndicho kilichokuja kuwasumbua wakoloni.

Katika miaka ya vita vya pili serikali iliwalazimisha watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Upande wa Kitale, ardhi ambayo Wabukusu waliihesabu kuwa yao ilikuwa mikononi mwa Wazungu, na wenyewe wakaishi humo kama vibarua. Masinde akawahimiza wakatae, wairudie imani ya mababu, na Wazungu warudi kwao. Hivyo ndivyo ilivyoenea Dini ya Msambwa, kuanzia Kimilili hadi mashamba ya Kitale.

Mwaka 1945 alifungwa, kisha akatiwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, hadi 1947. Yule aliyefaa kuiwakilisha Kenya uwanjani, alipodai ardhi aliitwa mwehu! Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa Lamu, mbali na watu wake, akakaa kizuizini miaka mingi.

Uhuru ulipokuja, dini yake iliruhusiwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena 1968, naye akarudi gerezani. Alifariki mwaka 1987.

Sisi Waislamu hatukubaliani na imani yake, na si lazima tukubaliane. Lakini dai lake la ardhi ni dai ambalo mtu wa Mwambao hahitaji kufasiriwa. Ndiyo maana nasema kisa chake ni chetu pia, wala si cha Bungoma na Kitale peke yake.