Leslie Brown, aliyefichua makao ya heroe

HEROE wanaotua katika Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay, huja kujilisha mwani kisha wakaondoka. Hawatagi hapo. Swali la mahali wanakotagia liliwatatiza wataalamu kwa miaka mingi, hadi afisa mmoja wa kilimo alipolivalia njuga.

Afisa huyo, Leslie Brown, alizaliwa India mwaka wa 1917, mtoto wa wazazi Waskoti. Alihudumu Nigeria kabla ya kuhamia Kenya mnamo 1946, ambako alipanda ngazi hadi kuwa miongoni mwa wakuu wa idara ya kilimo. Ndege aliwachunguza katika saa zake za ziada, hasa tai wa Embu.

Katika miaka ya 1950 alivutiwa na visiwa vidogo vya mawe vya Ziwa Elmenteita, ambako heroe wakubwa walikuwa wakitaga. Lakini heroe wadogo, walio wengi zaidi, walitagia wapi? Mnamo 1954, akiwa ndani ya ndege, aliona viota vyao katikati ya Ziwa Natron, Tanganyika. Hakutosheka. Alijaribu kuvifikia kwa miguu, akazama katika tope la magadi lililomuunguza miguu vibaya mno. Alinusurika chupuchupu, akalazwa hospitalini kwa majuma kadhaa na kupandikizwa ngozi.

Mnamo 1962 heroe hao walihamia Ziwa Magadi, ambako magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga kama pingu. Vifaranga zaidi ya 20,000 walifunguliwa kwa mikono katika shughuli iliyoongozwa na Alan Root, ambaye baadaye aliandika na Brown utafiti kuhusu uzazi wa ndege hao.

Elmenteita nako mambo yaligeuka. Samaki waliotiwa Ziwa Nakuru ili kula mabuu ya mbu waliwavutia mwari, nao mwari, kwa kutafuta pa kutagia, wakavinyakua visiwa vile mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwafurusha heroe. Nani angetarajia vita dhidi ya mbu viishie hapo?

Brown alifariki nchini Kenya mwaka wa 1980. Katikati ya miaka ya 2000, mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron ulipozuka, waliopinga walishikilia hoja moja kuu: kwamba hapo ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapozaliana. Mwekezaji alijiondoa mwaka wa 2008.