Ernest Rutherford (1871–1937)

Ernest Rutherford alizaliwa tarehe 30 Agosti 1871 karibu na mji wa Nelson, New Zealand, akiwa mtoto wa nne kati ya kumi na wawili. Mwaka 1895 alipata ufadhili wa masomo akaenda Cambridge, Uingereza. Alifundisha Montreal, Kanada, kuanzia 1898, kisha Manchester kuanzia 1907. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel. Angalia vizuri: ilikuwa ya kemia, si ya fizikia.

Kazi utakayoulizwa zaidi ni ya Manchester. Mwaka 1909 wasaidizi wake, Hans Geiger na Ernest Marsden, walielekeza chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu. (Waliokaa gizani wakihesabu nukta za mwanga ni hao wawili, usiandike vingine.) Chembe nyingi zilipita, chache mno zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alieleza sababu: chaji chanya na karibu uzito wote wa atomu vimo katika kiini kidogo sana. Alfa nayo ina chaji chanya, hivyo kiini huisukuma. Umbali ukipungua kwa nusu, msukumo huongezeka mara nne. Kwa kanuni hiyo alikokotoa ni chembe ngapi zingepinda kwa kila pembe, na vipimo vya Geiger na Marsden vikakubaliana naye.

Wanafunzi wengi huishia hapo. Wewe endelea. Dhahabu ina protoni 79, kwa hiyo huifukuza alfa mapema. Haidrojeni ina moja tu. Mwaka 1919 Rutherford mwenyewe aliona kwamba alfa zenye kasi zikikisogelea mno kiini cha haidrojeni, matokeo hayafuati tena kanuni yake. Hakuificha kasoro hiyo, aliichapisha. Viini vikikaribiana sana huingia katika kani ya nyuklia, ambayo huvuta kwa nguvu kubwa lakini haifiki mbali. Tena viini si gololi ngumu. Leo viini vizito vinapogonganishwa, hutikisana hata kabla ya kugusana. Sehemu ya nishati ya mwendo huingia ndani yake, na kani kati yao hubadilika.

Mwaka huohuo wa 1919 alirudi Cambridge kuongoza maabara ya Cavendish. Hapo James Chadwick aligundua nyutroni mwaka 1932, kwa hiyo usimpe Rutherford ugunduzi huo, ingawa aliitabiri mwaka 1920. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1937. Majivu yake yalizikwa Westminster Abbey, London, karibu na kaburi la Newton.