Cousteau: mzamiaji aliyelipua mwamba, kisha akautetea

Ndugu zangu wa Pwani, kila anayebeba mtungi wa hewa mgongoni na kuzama Watamu, Diani au Kisite ana deni kwa Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka 1997. Jina lake ni Jacques-Yves Cousteau. Maisha yake nimeyasoma na filamu zake nimezitazama zaidi ya mara moja. Wengi wakimtaja husimulia sifa tu. Mimi naona lipo jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa bahari.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, Ufaransa. Aliingia jeshi la majini, na alikuwa akijifunza urubani wa ndege gari lake lilipopata ajali mwaka 1936. Aliumia vibaya mikono, na urubani ukaishia hapo. Akawa anaogelea baharini ili mikono ipate nguvu. Rafiki akampa miwani ya kuzamia, akatia uso majini, na moyo wake ukabaki huko chini.

Wazee wetu walizama kwa pumzi zao, na pumzi haidumu. Wazamiaji wa Ulaya nao walivaa kofia nzito za shaba na kupelekewa hewa kwa mpira kutoka chomboni, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwaka 1942, katikati ya vita, Cousteau alikutana na mhandisi Émile Gagnan. Petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa na vali ya kupeleka gesi kwenye injini za magari. Wakaigeuza ikawa kifaa kinachompa mzamiaji hewa pale tu anapoivuta, kwa mkandamizo ulio sawa na wa maji yanayomzunguka. Mbuzi akafunguliwa kamba.

Mwaka 1950 tajiri mmoja wa Kiingereza alimkodishia meli iitwayo Calypso kwa faranga moja kwa mwaka. Ilikuwa meli ya kutegua mabomu ya baharini, kisha ikavusha abiria huko Malta. Kwa meli hiyo alifika miamba ya mbali ya Bahari ya Shamu, kisha akaingia bahari yetu hii ya Hindi hadi kisiwa cha Assumption, Ushelisheli, ambako wazamiaji wake walizoeana na chewa mkubwa aliyekula mikononi mwao. Filamu ya safari hizo, iliyotoka mwaka 1956, ilishinda tuzo kuu ya Cannes na baadaye Oscar.

Lakini filamu hiyo hiyo ina mambo yanayouma kuyatazama. Wanalipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki waliomo, na samaki wanakusanywa wakiwa wamekufa. Mtoto wa nyangumi anajeruhiwa na rafadha ya meli, anapigwa risasi, na papa wanaokuja kumla wanavutwa sitahani na kuuawa kwa hasira. Tena mwaka 1954 Calypso ilifanya kazi ya kutafuta mafuta chini ya bahari huko Abu Dhabi, maana safari zilitaka pesa.

Mtu huyo alibadilika. Mwaka 1960 alisimama hadharani kupinga mpango wa serikali yake mwenyewe wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Mediterania. Mwaka 1963 aliweka nyumba chini ya maji, mita 10, kwenye mwamba wa Sha'ab Rumi nje ya Sudan, na watu wake wakaishi humo mwezi mzima. Kadiri alivyorudi baharini ndivyo alivyoona uhai unavyopungua, na mwaka 1973 akaanzisha jumuiya ya kuutetea. Mwaka 1979 mwanawe Philippe, aliyekuwa mkono wake wa kulia, alifariki katika ajali ya ndege huko Ureno. Mzee hakuacha. Alipokuwa na miaka 80 alikuwa akiwaomba marais wasiichimbe Antaktika madini, na mkataba wa kuilinda ukatiwa saini mwaka 1991. Januari 1996 Calypso iligongwa na tishari ikazama bandarini Singapore. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni, naye akaaga dunia akiwa na miaka 87.

Kwa nini nimeyataja yale ya baruti? Kwa sababu mwambao huu unaijua baruti. Jirani zetu wa Tanzania wamepambana nayo miaka mingi, na huku kwetu tuna juya na nyavu za matundu madogo. Kwenye mikutano ya BMU mvuvi aliyewahi kutumia juya akisimama kuzungumza juu ya kulinda matumbawe, wapo wanaomzomea: wewe ndiwe uliyemaliza samaki, leo watufunza nini?

Mimi nasema aachwe azungumze. Aliyeuharibu mwamba kwa mkono wake anajua ulikuwaje kabla, na anajua ulichukua muda gani kufa. Ujuzi huo hauna kitabuni. Cousteau angezomewa baada ya filamu ile, bahari ingempoteza mtetezi wake mkubwa. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.