OLIVER HEAVISIDE: ALIACHA SHULE NA MIAKA 16, HESABU ZAKE ZINAWATESA MAINJINIA

Nyie mnaosoma uinjinia, mkifika kwenye konvolusheni mnalia hadi huku kafe tunasikia. Leo nawaletea jamaa aliyepambana na kitu hicho hicho, ila yeye alikikuta kwenye waya.

Oliver Heaviside alizaliwa London mwaka 1850. Utotoni homa nyekundu ilimharibia masikio, na shule akaiacha na miaka 16. Akapata kazi ya telegrafu, Denmark kisha Newcastle, akaiacha mwaka 1874 akarudi kwa wazazi. Hakuajiriwa tena! Alijifungia chumbani na kitabu cha umeme cha Maxwell, hesabu akajifundisha mwenyewe.

Sasa sikia. Ukibonyeza nukta kwenye waya mrefu wa baharini, ng'ambo haifiki kali kama ilivyotoka. Inafika imelegea, na mkia juu. Kabla mkia haujaisha nukta nyingine imeshaingia, zinachanganyika. Kwa hiyo umeme unaoupima ng'ambo muda huu ni jumla ya mikia ya nukta zote zilizotangulia, kila mkia ukiuchukua pale ulipofikia. Hiyo jumla ndiyo konvolusheni, hamna uchawi. Na ile fanksheni moja kugeuzwa kinyumenyume, ambayo mimi wa fomu foo ilinisumbua sana, ni kwa sababu nukta ya zamani zaidi ndiyo iliyoenda mbali zaidi kwenye mkia wake.

Heaviside alipita njia ya mkato. Ile d/dt aliiandika p tu, akaizidisha na kuigawanya kama namba ya kawaida. Majibu yalitoka sawa, ila uthibitisho wa kuwaridhisha wanahisabati hakuwa nao. Royal Society ilimpokea 1891, halafu 1894 ikaikataa sehemu ya tatu ya makala yake kuhusu njia hiyo. Roho mbaya au haki? Mimi naona walimwonea. Baadaye wengine walitumia mageuzo ya Laplace kuonyesha kwamba konvolusheni hugeuka kuzidisha kwa kawaida, na p ya mzee ikasimama. Kwenye vitabu vyenu wanaiandika s.

Pesa je? Wazo lake la 1887 la kuongeza koili kwenye nyaya za simu lilimtajirisha Michael Pupin kule Marekani, mwenyewe hakuambulia kitu.

Hakuoa. Alifariki Torquay tarehe 3 Februari 1925. Ile fanksheni ya swichi, sifuri halafu moja, bado ina jina lake.