Sir John Charnley, Tabibu Aliyekiri Kosa Lake

Askari huitegemea miguu yake kama anavyoitegemea silaha yake. Nyonga ikiharibika, gwaride humshinda, doria humshinda, na hata usingizi humkimbia. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu wa jeshi na polisi maisha ya Sir John Charnley, tabibu Mwingereza aliyewarudishia mwendo watu wengi mno.

Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1911, katika mji wa Bury. Alisomea udaktari Manchester, na mwaka 1940 akaingia katika kikosi cha waganga wa jeshi. Alishiriki katika kuwaokoa askari huko Dunkirk, kisha akapelekwa Misri, ambako alishirikiana na mafundi wa karakana ya jeshi kutengeneza vyuma vya kushikia miguu ya majeruhi.

Baada ya vita, katika hospitali ya Wrightington, alibuni nyonga ya bandia: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki iitwayo Teflon. Wagonjwa wapatao 300 walitiwa nyonga hizo, wakasimama na kutembea. Lakini furaha ile haikudumu. Miaka michache ikapita, plastiki ikalika. Unga wake ukaenea, mwili ukaupiga vita kama adui, na katika vita hivyo mfupa wenyewe ukaliwa, hata nyonga zikalegea.

Hapo ndipo uungwana wa mtu hupimwa. Charnley hakulificha kosa wala hakumtupia mwingine lawama. Aliwapasua tena wagonjwa wake kwa mkono wake mwenyewe, akaziondoa nyonga zile. Zaidi ya hayo, alitia chembe za Teflon katika paja lake ili ayaone madhara yake, na vinundu vikatokea.

Mwaka 1962 mchuuzi mmoja alileta plastiki nyingine, ngumu zaidi. Charnley aliidharau, lakini fundi wake, Harry Craven, aliijaribu katika mashine wakati mkubwa wake yuko safarini. Charnley aliporudi alikuta imelika kidogo mno, akakubali kwamba fundi ameona mbali kuliko yeye. Mwezi Novemba mwaka huo huo ikatiwa mwilini kwa mara ya kwanza. Hata hivyo hakutaka itumiwe ovyo; matabibu walipaswa kwanza kufika Wrightington kujifunza.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1977, akafariki tarehe 5 Agosti, 1982. Plastiki za siku hizi ni imara zaidi, lakini kulika hakujakoma kabisa, na mfupa waweza kupungua kimyakimya pasipo maumivu. Tunawasihi wenzetu wenye nyonga za bandia, hasa waliostaafu, wasiache kwenda kupigwa picha ya eksirei kama daktari alivyowaagiza.

Nao wakubwa wa vikosi wamkumbuke Craven. Mdogo akileta habari njema, asikilizwe.